Waya wa Dhahabu wa Gaspard na Njiwa wa Alida

Mvua ya Alhamisi pale Oudenaarde, mji mdogo wa Ubelgiji, haina adabu, inaingia mpaka ndani ya kola. Gaspard Mestdagh alikuwa amesimama sokoni tangu asubuhi nyuma ya meza yake ya vifuniko vya simu, na hadi saa tano alikuwa ameuza kimoja tu, tena kwa mama aliyekirudisha baada ya robo saa. Lakini Gaspard hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikuwa na koti safi, viatu vinavyong'aa, na sauti laini kama ya yule anayesoma taarifa za misiba redioni. Alikunja meza, akaitupa ndani ya gari lake jeupe, ambalo lilikuwa duka lake, ghala lake na chumba chake cha kulala, akaingia baa ya Zulma kukausha suruali.

Ubaya wote ulianzia hapo, maana baa ya Zulma ndiyo makao ya chama cha wafuga njiwa wa mashindano, na siku hiyo wanachama walikuwa wamenuna.

"Sekunde mbili," alisema Lieven, mwanamume wa miaka arobaini, mkubwa kama kabati, anayekaa na mama yake. "Mina alitua kabla ya njiwa wako, Maurits. Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona wewe, saa haikumwona," alijibu Maurits Dhondt, jirani yake, mzee mwenye tumbo na meno yote. "Chama kinaamini saa. Macho yako tunayaachia daktari."

Kwa asiyejua mambo haya: kila njiwa wa mashindano ana pete mguuni. Akirudi bandani kwake anakanyaga pedi, pedi inapeleka habari ndani ya waya hadi kwenye kisanduku cha saa, na kisanduku kinaandika sekunde aliyofika. Ushindi na aibu vinapimwa hapo. Na kwa mfuga njiwa, njiwa hana kosa hata siku moja. Upepo una kosa, mwewe ana kosa, jirani aliyeanika shuka jeupe ana kosa kubwa sana. Ukweli ni kwamba Mina alikuwa amekaa juu ya bomba la paa akijichana manyoya kabla ya kushuka. Lakini nani angethubutu kumsema Mina vibaya?

"Itakuwa waya," alisema Lieven.

"Itakuwa waya," alikubali mzee mmoja wa pembeni, ambaye naye alikuwa ameshindwa.

Gaspard aliagiza bia ya pili. Alikuwa hajawahi kushika njiwa maishani, ila aliyekwisha kuchomwa. Lakini alijua sura ya mtu anayetafuta wa kumlaumu, na pale ndani zilikuwapo sura kumi na moja.

"Samahani wazee wangu," alisema kwa upole, "huo waya kati ya pedi na saa, ni wa rangi gani?"

"Mweusi," alisema Lieven.

Gaspard alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepewa habari ya mgonjwa. "Pole," alisema. Akalipa, akaondoka bila kuongeza neno.

Juma zima wanachama waliongea juu ya ile pole.

Alhamisi iliyofuata alirudi na sanduku dogo lenye kitambaa cha mahameli ndani. Juu ya mahameli zililala ekstensheni za USB, zile nyaya za kurefusha zenye kichwa upande mmoja na tundu upande wa pili, ambazo alizinunua kwa fungu kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga duka huko Gent. Alikuwa amezizungushia utepe wa rangi ya dhahabu, na kila moja ilikuwa na kikaratasi chenye namba. Namba haikuwa na maana yoyote. Ilianzia mia nne.

"Mina wako anapotua," alimwambia Lieven, huku wengine wakisogeza viti, "habari yake inaanza safari. Ndani ya waya mweusi kuna joto na kona. Habari inasita. Sisemi inasita saa nzima. Inasita sekunde moja, sekunde mbili."

"Mbili," alinong'ona Lieven.

"Ndani ya dhahabu haisiti. Na waya mzuri una kitu kingine ambacho sipendi kukisema mbele ya watu." Alishusha sauti mpaka Zulma akazima redio. "Unaita. Njiwa angani anasikia pedi iliyo hai. Kwa nini wengine wanazunguka paa mara tatu? Hawajaitwa."

Hapa naomba tusimame kidogo. Habari ndani ya waya wa USB haiendi kama konokono katika waya wa bei rahisi na kama farasi katika waya wa bei ghali. Inafika mara moja au haifiki. Kama ule mweusi ungekuwa mbovu, Mina asingeandikwa kabisa. Lakini ukweli huu haukuwapo pale Alhamisi ile, na kama ungekuwapo ungekosa kiti.

"Bei gani?" aliuliza Maurits.

"Mzee Maurits, wewe ndiye bingwa. Bingwa hahitaji kitu."

"Sijauliza kama nahitaji. Nimeuliza bei."

Bei ilikuwa yuro mia moja na arobaini. Maurits alisema ni wizi, akasema anataka miwili.

"Miwili ya nini? Una banda moja."

"Nikichukua miwili, yuko mtu atakayekosa," alisema Maurits, akimwangalia Lieven kama mtoto mwenye pipi anavyomwangalia mtoto wa jirani.

Kabla Zulma hajaosha glasi, sanduku lilikuwa tupu. Lieven alibaki amekaa, mikono mikubwa juu ya meza. Hakuwa na mia na arobaini, na isitoshe banda lake lilikuwa mwisho wa bustani, mita kumi na tano kutoka jikoni.

"Kwa nini unataka waya ufike jikoni?" aliuliza Gaspard, akikaa karibu naye. "Si uweke saa hukohuko bandani?"

"Mama ana magoti mabaya. Hawezi kukaa nje siku nzima kungoja. Nataka saa iwe mezani kwake, awe wa kwanza kusikia."

Mtu mwingine angeguswa. Gaspard naye aliguswa, lakini mahali pengine. Alikuwa amesikia kwamba bwana mmoja wa Antwerpen aliwahi kumtaka Mina kwa yuro elfu sita, na kwamba Lieven alikataa.

"Sikiliza ndugu yangu. Mimi nina mama pia. Nyumbani nina waya mmoja, mita kumi na tano, dhahabu mwanzo mpaka mwisho. Siuzi. Lakini mtu akinipa njiwa mmoja tu wa kumkumbuka, nitajuaje kukataa?"

"Njiwa yupi?"

"Yeyote. Yule Mina, kwa mfano."

*

Alida, mama yake Lieven, aliligundua jambo siku ya Jumatatu. Alikwenda bandani na fimbo yake kuwapa maji, akakuta kiota cha pembeni kitupu. Mina alitoka kwenye yai la mwisho la mbegu ya Odilon, marehemu mume wa Alida. Lilianguliwa juma lile walipomzika. Kwa miaka mitatu Alida alikuwa anamsalimia Mina kila asubuhi, na kwa miaka mitatu Mina alikuwa anamdonoa kidole.

Jikoni alimkuta Lieven amepiga magoti chini ya meza na waya unaong'aa.

"Mina yuko wapi?"

"Ngoja mama, nikuonyeshe kwanza. Kaa. Utasikia njiwa wote kutoka hapohapo kwenye kiti chako." Alichomeka kichwa cha waya ndani ya kisanduku. Taa ya kijani iliwaka, ikafikiri kidogo, ikazimika. Alichomoa, akapuliza, akachomeka tena. Ikazimika.

"Lieven."

"Unahitaji kuzoea. Alisema waya mpya unahitaji kuzoea."

"Mina yuko wapi, mwanangu?"

Lieven alibaki chini ya meza. Mtu mzito kama yule akiwa na aibu hutafuta paa la kujificha. "Kwa bwana Gaspard," alisema. "Na kadi ya pete nimempa. Nimesaini."

Mwenye kadi ya pete ndiye mwenye njiwa. Polisi wangeangalia kadi, wangeangalia saini, wangemwambia Alida aende nyumbani akapumzike.

"Anamfanyia nini?"

"Jumapili kuna bwana wa Antwerpen anakuja kumchukua. Nimesikia jana kwa Zulma. Nilidhani anamtaka wa kumkumbuka tu."

Alida hakupiga kelele. Mwanawe alikuwa amedanganywa kwa sababu ya magoti yake, na hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Aliuviringisha waya wa dhahabu, akautia kwenye kikapu, akapanda basi hadi duka la vifaa vya umeme lililo Mtaa wa Stesheni. Msichana wa kaunta aliubana kwa vidole katika sehemu mbili, akachukua wembe, akafungua utepe.

"Mama, hii si moja. Ni tatu zimeungwa. Tena nyembamba, unaona? Ndani kuna shaba kama unywele."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu ni ya kufungia zawadi." Msichana hakucheka, na Alida alimpenda kwa hilo. "Waya wa kurefusha wa kawaida usizidi mita tano. Ukizidi, umeme unafika umechoka, na kifaa kinazimika au kinakatikakatika. Ukitaka mbali, chukua wenye kidude cha kusukuma nguvu katikati. Usiunge waya kwa waya. Angalia kichwa na tundu vifanane na vya kwako. Mfupi unaokutosha ni bora kuliko mrefu unaobaki. Na uujaribu nyumbani kabla ya siku yenyewe, siyo siku yenyewe."

Alida aliomba maneno hayo ayaandike nyuma ya risiti. Alinunua wa mita kumi na tano wenye kidude, mweusi, yuro ishirini na tisa. Halafu alinunua keki ya jibini, ile ya duara, akaenda ukingoni mwa mto Schelde ambako Gaspard alikuwa ameegesha gari.

*

"Nimekuja kumuaga Mina," alisema Alida.

"Karibu mama, karibu." Gaspard alimtolea kiti cha kukunja. Ndani ya gari, kwenye kikapu cha matete, Mina alikuwa amekaa kama malkia aliyekosewa. "Yuko vizuri. Anakula mkononi mwangu."

"Mkononi? Mimi ananidonoa."

"Wanyama wananipenda."

"Naona." Alida alikata keki. "Na Jumapili anaondoka kwa elfu sita. Si mbaya. Bei ya njiwa wa kawaida."

Kisu cha Gaspard kilisimama juu ya sahani. "Wa kawaida kivipi?"

"Njiwa akishashinda kwa jina la mwenyewe mpya, bei yake ni mara tatu. Mnunuzi anajua hakubebwa na banda lake la zamani. Na Jumamosi ndiyo mashindano ya mwisho ya mwaka, kutoka Orléans, huko Ufaransa. Lakini una haraka zako, wacha nikuachie kipande."

"Kaa kwanza mama. Mtu anafanyaje ashinde kwa jina lake?"

"Wewe unaniuliza mimi, na wewe ndiye fundi wa waya? Ijumaa jioni unampitisha juu ya pedi yako kwa Zulma. Kisanduku kinalia. Kuanzia hapo pete yake ni ya pedi yako. Lori linawapeleka, asubuhi wanaachiwa."

"Na anakuja kwenye pedi yangu."

Alida alitia kipande kikubwa cha keki mdomoni. Alitafuna. "Si ulisema mwenyewe waya mzuri unaita," alisema alipomaliza.

Angalieni vizuri: Alida hakusema uongo hata mmoja ukingoni pale. Alitafuna tu.

Gaspard, kama wajanja wote, hakuamini mtu asiyemlipa. Jioni alikwenda kumpima Maurits.

"Mzee Maurits, hebu nikumbushe. Pete ikisajiliwa kwenye pedi yangu?"

"Ni yako."

"Na pedi ya banda lake la zamani?"

"Haimjui tena. Hata akikaa juu yake mwaka mzima, itamwona mgeni."

"Kwa hiyo sharti pedi yangu."

"Pedi yako au hakuna kitu," alisema Maurits, ambaye alikuwa anaeleza habari ya saa, wala haikumpitia kichwani kwamba binadamu mzima anaweza kuuliza habari ya njiwa. Ataulizaje? Njiwa anarudi alikozaliwa. Pale Oudenaarde hata mtoto wa chekechea anajua, ndiyo maana hakuna anayelisema.

Gaspard alitoka pale na hakika. Tena aliona aibu kidogo kwamba aliuza kuita kwa waya bila kujua kuwa ni kweli.

"Una saa, lakini?" Maurits alimwita kutoka mlangoni. "Na pedi? Mimi ninayo ya zamani, pamoja na saa yake. Ya bingwa. Ilihesabu vikombe saba."

Ilikuwa na ufa na ilinuka maji ya betri. Gaspard alijaribu kupunguziwa.

"Bingwa hapunguzi," alisema Maurits, na ndani ya mfuko wake ziliingia karibu fedha zote ambazo waya wa dhahabu uliwahi kuleta.

*

Ijumaa jioni baa ilijaa vikapu. Mtu mmoja mmoja alileta njiwa wake, naye Zulma, ambaye ni mwenye baa na katibu wa chama pia, akampitisha juu ya pedi, kisanduku kikalia, njiwa akaingia kwenye kreti ya lori. Gaspard aliingia amechana nywele.

"Mwanachama mpya," Zulma alitangaza. "Kuna ada."

Alilipa ada.

"Na mwanachama mpya ananunulia watu wote bia. Ndiyo desturi, sikuitunga mimi."

Alinunua. Wakati huo fungu la noti alilokuwa nalo Alhamisi lilikuwa limekonda hata halikujaza kiganja.

"Banda lako liko wapi?" aliuliza Zulma, kalamu mkononi.

"Ni gari. Liko ukingoni."

Zulma alimtazama Alida, aliyekuwa kwenye kona na fimbo yake na glasi ya maji ya moto. Alida alikuwa anaangalia dari. "Sheria haikatazi banda lenye magurudumu," alisema Zulma, akaandika.

Maurits aliinama sikioni kwa Alida. "Huyu anampeleka Mina? Arudi kwenye gari? Alida, huyu mtu hajui kwamba..."

Fimbo ya Alida ilitua juu ya kidole chake cha mguu. "Kunywa, Maurits. Bia yako imelipiwa."

Pedi ya bingwa ililia mara moja kwa sauti ya kikohozi, na Mina akawa, kwa hesabu za kisanduku, wa Gaspard Mestdagh. Lieven aliugeuzia ukuta uso. Mama yake hakuwa amemwambia kitu. Lieven hawezi kuficha siri hata ya keki ya siku ya kuzaliwa.

"Bwana Gaspard," alisema Alida, "mimi ni mzee, napenda kuwa na kitu cha kungojea. Tuwekeane dau. Mina akitua kwenye pedi yako kesho, nakupa na kaka yake, pamoja na kadi. Akitua kwangu, unanirudishia kadi yake."

Wanachama waliangalia bia zao, wakang'ata midomo kwa ndani. Gaspard aliwaona, akadhani wanamhurumia bibi.

"Mama, sipendi kukunyang'anya."

"Ninyang'anye tu. Nina njiwa wengi."

Waliandika nyuma ya karatasi ya kuwekea glasi, wakasaini wote wawili, na Zulma akaitia droo ya fedha.

*

Jumamosi mbingu ilikuwa safi. Saa mbili na nusu asubuhi Zulma alituma ujumbe kwamba wameachiwa Orléans. Gaspard aliweka pedi juu ya paa la gari, akateremsha waya mmoja wa dhahabu aliojibakishia dirishani hadi kwenye kisanduku, akakaa na mkebe wa mahindi. Alikuwa ameona wenzake wakitikisa mkebe kuwaita njiwa washuke, naye akatikisa. Saa saba walianza kupita, wawili, watano, juu sana, wakielekea upande wa vitongoji. Akatikisa kwa nguvu zaidi.

Jikoni kwa Alida, Lieven alikuwa amekaa kama mtu wa matanga. Waya mweusi ulitoka mezani, ukapita chini ya mlango, ukafuata ua hadi bandani. Taa ya kijani ilikuwa imewaka tangu Jumanne, walipoujaribu, na haikuwa imepepesa.

Upande wa pili wa ua walisikia Maurits. Njiwa wake alikuwa amefika wa kwanza, mapema mno, amekanyaga pedi, ameingia, anakunywa maji. Kisanduku kilikuwa kimya.

"Unganisha tena," alilia mke wake.

"Nimeunganisha. Nimeunganisha yote miwili, kichwa na mkia, ili iite mara mbili." Halafu ilisikika sauti ya kisanduku kikipigwa kofi.

Lieven hakucheka. Aliangalia mlango wa bustani. "Mama, unadhani waya wa dhahabu umeshamwita Mina kwenye lile gari?"

Alida aliinua kidole.

Kivuli kidogo kilipita juu ya dirisha, kikazunguka mara moja, kikakaa juu ya bomba la paa. Kikajichana manyoya. Kikajichana tena, bila haraka ya mashindano yoyote, kisha kikashuka. Kisanduku mezani hakikulia mlio wa kawaida. Kilitoa mlio mfupi, wa kuuliza, na kwenye kioo yakatokea maneno: pete haijulikani.

Lieven alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Akamtazama mama yake na macho yamejaa. "Ni nani?"

"Mgeni," alisema Alida. "Nenda kampe mgeni maji."

Alitoka mbio, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, hakusikia maumivu. Alida alibaki na keki iliyobaki, akajikatia kipande. Siku tano alikuwa amejiambia kwamba hana wasiwasi. Ukiwa na mtoto mwema namna ile, unamfundisha kufunga mlango mpaka nywele zinakwisha, naye ataufungua kwa yeyote anayesema ana mama. Sasa risiti ya msichana wa kaunta imebandikwa ukutani juu ya saa. Zile nyaya tatu zilizovuliwa dhahabu ziliungwa tena, kwa mafundo safari hii, na nguo za Lieven zinakauka juu yake vizuri sana.

Saa kumi jioni Alida na Zulma walitembea polepole hadi ukingoni. Gaspard alikuwa amepiga magoti juu ya paa la gari, koti limevuliwa, anafuta kichwa cha waya kwa leso. Mbele yake, katikati kabisa ya pedi, alisimama njiwa mmoja mchafu wa mtaani, wa vidole viwili, asiye na pete, akila mahindi.

"Ametua," Gaspard aliwaambia, na sauti yake laini ilikuwa imechakaa. "Yuko hapa tangu saa nane. Mashahidi mko hapa, mmemwona. Saa tu ndiyo haimwoni."

"Mina yuko bandani kwangu," alisema Alida. "Huyo ni wa kanisani."

Gaspard alimtazama njiwa. Njiwa alimtazama Gaspard. "Lakini nilimsajili."

"Ulimsajili. Hakuna aliyemwambia Mina."

Zulma alinyoosha karatasi ya kuwekea glasi. Mtu wa Antwerpen alikuwa anakuja kesho, na Gaspard alikuwa na njiwa wa kanisani, pedi yenye ufa na uanachama wa mwaka mzima. Alitoa kadi ya pete mfukoni, akampa Alida, akateremka kutoka juu ya gari bila kumtazama mtu. Akaushika ule waya wa dhahabu, akaupindua mara mbili, akautikisa karibu na sikio.

"Ni waya," alisema hatimaye. "Kila kitu kilikuwa sawa. Ni huu waya, ni mbovu."

Zulma alitoa kalamu nyuma ya sikio, akamuuliza aliununua kwa nani, ili chama kiwaonye watu.